Nani Anakula Klachi ya Mwalimu Gia?

Benchi liko mbele ya kibanda changu cha kunyolea, kwa hiyo kwa haki ni langu, ila jaribu kuwaambia hivyo wanaolikalia uone. Mguu wake mmoja tumeutegemeza kwa tofali, na anayekaa upande huo hujifunza kunywa kahawa bila kucheka. Kushoto kwetu ni gereji ya Spana, fundi asiyejua kunong'ona. Mbele yetu barabara inapanda kilima kirefu mpaka kwenye tangi la maji, na ukishalivuka tangi ndipo ulipo uwanja wa majaribio ya udereva, na mkaguzi hupenda kuwapima watu kwenye kilima hicho hicho. Mkazi mkuu wa benchi ni Kamusi, karani mstaafu, ambaye siku hizi hana kazi ila kujua kila kitu na kuchomeka methali kila penye mwanya. Birika, muuza kahawa wetu, huzunguka na kumimina bila kuulizwa. Asubuhi hiyo wote walikuwepo pale Mwalimu Gia, anayefundisha watu kuendesha gari, alipoteremka kwenye gari lake lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, akaubamiza mlango na kukaa bila kutusalimu. Mwalimu ni mtu wa salamu ndefu, anaulizia hadi kuku. Akikaa kimya ujue kuna jambo.

KAMUSI: Vipi, Mwalimu? Mbona umeukunja uso kama umelamba ndimu?

MWALIMU GIA: Klachi, ndugu zangu. Imeanza tena kuteleza.

SPANA: Haiwezekani!

Hilo alilisema akiwa bado chini ya gari la mteja. Alitoka akiburuza mgongo, mkononi ana kitambaa cheusi kwa oili.

SPANA: Sahani ya klachi nimeifunga juzi juzi tu. Mpya kabisa, nimeitoa kwenye boksi mbele ya macho yako!

MWALIMU GIA: Sikulaumu, Spana. Nakwambia ninachokiona. Mwanafunzi anakanyaga mafuta, injini inalia utafikiri tunakimbilia wapi sijui, gari lenyewe linatambaa. Kile kilima tunakipanda kwa huruma ya Mungu. Halafu mle ndani kunanuka.

SPANA: Kunanuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi?

MWALIMU GIA: Hiyo hiyo.

SPANA: Basi inaungua. Sahani kazi yake ni kubana, izunguke pamoja na injini. Isipobana vizuri, injini inazunguka kivyake, sahani inabaki kusuguliwa tu. Na hii ni ya tatu mwaka huu, jamani. Mimi nina wateja wa teksi hapa, klachi wanasahau hata ilifungwa lini.

KAMUSI: Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

MIMI: Hiyo inaingiaje hapa, Kamusi?

KAMUSI: Klachi mpya ni mgeni. Imekuja, na mwenyeji hajapona. Sasa kosa ni la nani?

Nilitaka kumjibu, nikakumbuka shinikizo langu la damu. Mwalimu mwenyewe hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anatazama kilima.

MWALIMU GIA: Kinachoniuma ni Mama Pacha. Jaribio lake ni leo mchana, na mimi nimeshaamua. Akija hapa namwambia asiende.

Sasa huyo Mama Pacha inabidi nikueleze. Ni mpishi wa shule ya watoto iliyo nyuma ya soko. Miaka yote hiyo ya kuni na masufuria imemla kifua. Usiku anakohoa mpaka mapacha wake wanaamka kumletea maji. Daktari amemwambia aachane na moshi, kana kwamba anaupenda, wakati moshi ndio unaomlipa mshahara. Bahati nzuri dereva wa basi dogo la shule anastaafu, na mkuu wa shule ameahidi kumpa Mama Pacha usukani iwapo ataleta leseni Jumatatu. Asipoileta, anachukuliwa mtu wa nje, naye anarudi jikoni. Kwa hiyo Mwalimu aliposema "asiende", nikakiweka kikombe chini.

MIMI: Mwalimu, wewe unajua maana ya leo kwa yule dada?

MWALIMU GIA: Najua. Lakini gari likimfia pale kilimani mbele ya mkaguzi, atashindwa yeye na nitaumbuka mimi. Bora asubiri.

MIMI: Una hakika gani kwamba ni yeye?

MWALIMU GIA: Hebu sikiliza, kinyozi. Nikiendesha mwenyewe, gari halitelezi. Akiendesha Spana, halina tatizo. Akishika mwanafunzi, linateleza. Hapo unataka ushahidi gani tena? Wala si yeye wa kwanza. Wapo niliowaambia wazi kabisa: ndugu yangu, udereva si wa kila mguu. Nenda katafute kazi nyingine.

KAMUSI: Asiyesikia la mkuu...

MIMI: Kamusi, subiri!

Spana alikuwa amevimba. Fundi ukimwambia kitu alichokifunga kimeharibika, umemtukania mama. Alilitupa lile tambara begani.

SPANA: Leo hakuna cha kukisia. Hatuondoki hapa mpaka ijulikane nani anakula hizi klachi. Mwalimu, ufunguo!

Akaingia garini, mlango wazi ili wote tuone. Kwanza aliisukuma pedali ya klachi kwa kiganja, polepole.

SPANA: Mnaona? Inacheza kidogo kabla haijaanza kushika. Ndivyo inavyotakiwa. Ingekuwa haichezi, ningesema waya umekazwa mno.

Akazama chini ya gari na tochi. Akatoka.

SPANA: Pakavu. Hakuna tone la oili. Sahani haijalowa.

Halafu akawasha injini, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akatia gia ya juu kabisa, akakanyaga mafuta kidogo na kuanza kuachia klachi. Alikuwa ametueleza kwamba klachi iliyochoka huiacha injini iendelee kunguruma kama haijaambiwa kitu, na iliyo nzima huinyonga. Gari lilitikisika mara moja, likazima palepale.

SPANA: Inabana! Mmeona? Imelika kidogo, sikatai, lakini inabana!

Hakuturuhusu hata kupumua. Akawasha tena, akakiparamia kilima peke yake mpaka kwenye tangi, akageuza, akashuka akipiga honi njia nzima. Akaingiza pua kwenye dirisha kunusa. Hakuna harufu.

Hapo ungetegemea watu wazima watulie na kufikiri. Kijiwe si mahali pa namna hiyo. Fumbo likishakuwa gumu, ndipo kila mmoja anakumbuka kwamba alizaliwa na akili.

KAMUSI: Mimi nimeshajua. Ni kibao.

SPANA: Kibao gani?

KAMUSI: Hicho cha mwanafunzi kilichoko juu ya paa. Kinakamata upepo. Gari linasukumwa nyuma, klachi inavutana na upepo. Mwenda pole hajikwai!

SPANA: Mimi nimepanda nacho sasa hivi, mzee wangu. Au upepo ulinionea aibu?

KAMUSI: Hapo sasa umenigusa penyewe. Aibu! Gari nalo lina haya. Likimbeba fundi linajikaza. Likimbeba asiyejua linajilegeza, kama mtoto anavyodeka kwa bibi yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu, hili gari umelidekeza.

MWALIMU GIA: Nimelidekeza vipi? Nalifokea kila siku!

KAMUSI: Basi limekuwa sugu. Samaki mkunje angali mbichi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikanogewa. Nikasema huenda ni kiti. Mwanafunzi akikaa, anakivuta kiti mbele kabisa, uzito wote unahamia puani mwa gari, kama kichwa ulichokinyoa upande mmoja kinavyoinamia upande wenye nywele. Spana akaniuliza kama nimekula.

MIMI: Nilikuwa nachangia tu.

KAMUSI: Tulieni, nimeipata kabisa sasa. Huyu ni mama wa nani? Wa pacha. Pacha hubebwaje? Mmoja huku, mmoja kule. Mguu wake wa kushoto umezoea kubeba mtu mzima wa kesho. Akiuweka kwenye pedali, hata akidhani ameuondoa, uzito unabaki. Damu nzito kuliko maji!

MWALIMU GIA: Hapo, kusema kweli, naona kama kuna kitu.

MIMI: Kuna kitu gani, Mwalimu? Pacha wenyewe wana ndevu zinazoanza kuota, mimi ndiye ninayewanyoa! Wamebebwa lini mara ya mwisho?

KAMUSI: Mguu una kumbukumbu, kinyozi.

Walikuwa bado wanapima kumbukumbu za mguu wa mwanamke asiyekuwepo, na mwenyewe akatokea. Mama Pacha alikuwa amevua aproni lakini kilemba kilikuwa bado cha jikoni, na amevaa raba nyeupe zilizofuliwa mpaka zikakonda. Alikohoa kwanza, akatusalimu wote, mkubwa kwa mdogo. Nikampisha upande usio na tofali. Hakukaa.

MAMA PACHA: Mwalimu, niko tayari. Nimeomba ruhusa, uji wa watoto nimeuacha kwa mwenzangu.

MWALIMU GIA: Mama Pacha, dada yangu, kaa kwanza tuongee.

MAMA PACHA: Nitakaa garini.

MWALIMU GIA: Hilo ndilo lenyewe. Leo usiende. Klachi inateleza tena, na inateleza ukishika wewe. Tuliahirishe jaribio mpaka mguu wako ulainike.

Sisi tuliokuwa na maneno mengi hivyo, kila mtu akakiona kikombe chake kuwa kitu cha kuangaliwa kwa makini. Niliona haya, nasema kweli.

MAMA PACHA: Mwalimu, mguu wangu unanijua. Mwanzo ulikuwa unakaa kwenye pedali, wewe ukanifokea, nikauondoa. Nikipika nauweka kwenye kigae na kuuondoa, kigae na kuuondoa, mpaka wenzangu wananicheka wanauliza nacheza ngoma gani. Sasa unaniambia haujalainika?

MWALIMU GIA: Gari halidanganyi.

MAMA PACHA: Basi lisemeshwe mbele ya watu. Tupande kilima sasa hivi. Kaka Spana, na wewe ingia nyuma. Uutazame mguu wangu, usitazame kitu kingine.

SPANA: Hilo ndilo neno! Twende!

Wakaingia. Mama Pacha kwenye usukani, Mwalimu kando yake kwenye kiti chake cha kufundishia, Spana nyuma amejikunja, kichwa amekiingiza kati ya viti. Gari likaondoka vizuri tu. Lilipofika pale kilima kinapoanza kuwa kilima kweli, tukaisikia injini ikipanda juu, ikilia, na gari halina habari nayo. Likatambaa mpaka karibu na nguzo ya umeme, likageuzwa, likarudi. Hata pale benchini harufu ya pasi ilitufikia.

MWALIMU GIA: Mmeona wenyewe! Nilisema nini?

KAMUSI: Damu nzito...

SPANA: Nyamazeni! Mguu wake haukuwepo!

MWALIMU GIA: Haukuwepo vipi?

SPANA: Haukuwa kwenye pedali! Ameingiza gia, ameachia, ameuweka pembeni kabisa, chini, kisigino sakafuni. Nimeukodolea macho mpaka yamekauka. Na klachi imeteleza ukiwa pembeni!

Kamusi alitafuta methali, lakini naona zote zilikuwa zimetoka kidogo. Mama Pacha alikuwa bado kwenye usukani, anaitazama ile pedali ya klachi. Akaikanyaga, akaiachia. Akaikanyaga tena, akaiachia.

MAMA PACHA: Sasa imerudi juu yote.

SPANA: Ndiyo, mbona kawaida yake?

MAMA PACHA: Kwangu si kawaida. Tukiwa njiani hairudi yote. Inabaki imezama kidogo, upana wa kidole hivi. Nilidhani ndivyo ilivyotengenezwa. Kaka Spana, wewe ulipopanda ilirudi yote?

SPANA: Ilirudi yote.

MAMA PACHA: Na ulikuwa na nani?

SPANA: Peke yangu.

Mama Pacha akageuka kwenye kiti. Hakuwa na ukali wowote, na nadhani ndiyo maana lile swali liliingia ndani vile. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi ilipowekwa.

MAMA PACHA: Mwalimu, ukiwa hapo ulipokaa, mguu wako wa kushoto huwa unauweka wapi?

Gari la kufundishia lina pedali za pande zote mbili, ili mwalimu aweze kumuokoa mwanafunzi. Zimeunganishwa, ukikanyaga huku, na kule inashuka. Hilo hata kuku wa mtaa wetu wanalijua. Mwaka mzima tunabishana juu ya klachi hizi, na hakuna aliyewahi kukumbuka kwamba mle ndani mna miguu minne.

MWALIMU GIA: Huwa nauweka... tayari.

SPANA: Tayari wapi?

MWALIMU GIA: Pale. Tayari. Kama likitokea lolote.

Spana alifungua mlango wa upande wa Mwalimu, akapiga magoti barabarani, akamulika kwa tochi. Kisha akatuita. Mpira wa pedali ya breki upande wa Mwalimu ulikuwa mpya, mistari yake yote inahesabika. Wa klachi ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa.

SPANA: Mwalimu wangu. Kaka yangu. Unaikanyaga.

MWALIMU GIA: Naigusa tu.

SPANA: Kuigusa tu ndiko kunakoimaliza! Ungeikanyaga yote, gari lingesimama, tungejua siku ya kwanza. Unaigusa nusu, sahani inabana nusu, kilima kinaivuta, inaungua. Breki huigusi, klachi ndiyo umeifanya zulia!

MWALIMU GIA: Breki nikiigusa, mwanafunzi anajua kwamba simwamini.

Alilisema taratibu, na baada ya kulisema alionekana kama mtu aliyejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mwalimu Gia ni mtu mzuri. Hajawahi kumgongesha mwanafunzi hata mmoja, na sasa tukajua siri yake. Ana hofu, masikini. Kila siku anakaa kwenye kiti kisicho na usukani, na maisha yake yapo mikononi mwa mtu asiyejua kutofautisha kushoto na kulia. Nilimwonea huruma, kisha nikamtazama Mama Pacha, huruma ikahama.

MAMA PACHA: Saa zinakwenda. Mwalimu, panda. Miguu juu.

MWALIMU GIA: Juu wapi?

MAMA PACHA: Ikunje hapo kitini. Kaa kama uko kwenye mkeka.

MWALIMU GIA: Mama Pacha! Na nikiona hatari?

MAMA PACHA: Uniambie.

MWALIMU GIA: Niseme tu?

MAMA PACHA: Si ndiyo kufundisha, Mwalimu?

Akavua viatu. Mwalimu Gia mzima, na tai yake, akakunja miguu kitini, akashika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Spana alitaka kucheka, nikamkanyaga. Gari likaondoka. Likaanza kupanda, na injini safari hii haikulia. Ilivuta kwa sauti nzito ya kazi, na gari likaenda nayo. Likaipita ile nguzo ya umeme. Katikati, pale penye mwinuko mkali kuliko pote, taa za breki zikawaka na gari likasimama.

KAMUSI: Limekufa!

SPANA: Kimya! Amelisimamisha mwenyewe!

Ni kweli. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amelisimamisha penye ubaya wote, mahali ambapo mkaguzi hupenda kusimamisha watu, apate kujua kabla hajaulizwa. Kwa kioo cha nyuma tuliona kichwa cha Mwalimu kikigeuka upande wa Mama Pacha, kikitikisika kama cha mtu anayesema, lakini kikabaki juu palepale, tukajua miguu haijashuka. Taa zikazima. Gari halikurudi nyuma hata unyoya. Likajivuta, likaondoka, likapanda mpaka kwenye tangi, likazama ng'ambo kuelekea uwanjani.

Spana akapiga ngumi hewani mpaka tambara likamdondoka. Kamusi akanishika mkono, akanitikisa, akasahau kusema chochote. Mimi macho yalinilowa, na wala sikusingizia vumbi. Leseni hatukuwa na shaka nayo tena. Kwenye jaribio kile kiti anakaa mkaguzi, na mkaguzi huiweka miguu yake mbali na pedali kwa woga wa kuchafua suruali.

KAMUSI: Birika, mimina bwana! Leo nalipa mimi!

Birika hakumimina. Alikuwa amesimama na birika lake mkononi tangu gari lilipoondoka, anatazama juu kwenye tangi, na hapo ndipo nikatambua kwamba asubuhi nzima hakuwa ametoa nadharia hata moja. Si kawaida yake. Akaliweka birika chini, taratibu, akanyoosha mguu wake wa kushoto mbele yake na kuuangalia kama mguu wa mtu mwingine.

BIRIKA: Mimi nilijifunza kwa Mwalimu Gia kabla sijaanza kuuza kahawa. Klachi iliungua, akaniambia udereva si wa kila mguu. Sasa niambieni nyinyi: huu mguu wangu ulikuwa na kosa gani?

Spana akamtazama Kamusi. Kamusi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kilima.